Masomo ya Jumamosi ya Himbi: miezi saba ya kusoma habari za kweli na kuandika maelezo

Nimemlipia binti yangu miezi saba ya masomo ya Jumamosi hapa Himbi, mtaa wa jiji la Goma mashariki mwa Kongo, na kwa kuwa akina mama wenzangu wa kituo cha afya wamekuwa wakiniuliza kila mara kama fedha hizo zinakwenda mahali panapofaa, naona ni vema niandike kwa urefu yale niliyoyaona. Masomo haya hayana jina wala kibao. Watu wa mtaa huyaita "masomo ya Jumamosi" tu, na waendesha pikipiki wa karibu wote wanaijua nyumba. Huanza saa tatu asubuhi hadi saa sita, katika chumba cha mbao chenye sakafu ya mawe meusi ya volkano, na huwapokea watoto wa kuanzia mwaka wa tano wa shule ya msingi hadi mwaka wa nane. Malipo ni dola 5 kwa mwezi, pamoja na franka 1,000 za fotokopi kila juma. Kinachofundishwa ni kusoma maandishi yanayoeleza mambo ya kweli mpaka yaeleweke, na kuandika maelezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata bila mwandishi kusimama kando yake.

Sababu iliyonifanya nitafute masomo ya namna hii ni ya zamani kidogo. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yakaendelea usiku na mchana, siku tano baadaye ilitolewa amri ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya jiji. Tangazo lilisomwa redioni, kisha watu wakalinukuu na kulisambaza katika simu. Mwanangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa sekondari na alikuwa akileta alama nzuri za imla, alinisomea tangazo hilo kwa sauti safi, bila kukwama hata pahali pamoja. Nilipomwuliza kama mtaa wetu umo na kama tunatakiwa kufuata njia ipi, alinyamaza, akarudia kulisoma tangu mwanzo, akanyamaza tena. Tulitoka kwa miguu kuelekea mji wa Sake kama maelfu ya wengine, kwa kufuata umati. Tangu siku ile sikuwahi tena kuridhika na mtoto anayesoma vizuri kwa sauti tu.

Kwa ruhusa ya mwalimu nilikaa nyuma ya darasa kwa Jumamosi tatu, na somo lililobaki moyoni mwangu ni lile la mazuku. Neno hilo kila mtoto wa Goma amelisikia, hasa wanaoishi upande wa magharibi wa jiji, ambako wazazi huwakataza kuteremka kwenye mashimo ya mawe alfajiri. Mwalimu hakuanza kwa kueleza. Aliandika ubaoni maswali mawili: "Mazuku ni nini?" na chini yake "Umejuaje?" La kwanza lilijibiwa kwa fujo ya mikono, wengine walisema ni pepo mbaya, wengine moshi wa volkano, mmoja akasema ni harufu. La pili halikupata jibu. Mwalimu aliyaandika majibu yote bila kumkosoa mtu, kisha akagawa karatasi na kusema, "Someni. Tukimaliza tutarudi hapa kuona lipi linabaki."

Matini ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Ilieleza kwamba mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe; kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, na kwa hiyo hutulia katika mabonde na mashimo; kwamba haina rangi, na mtu hawezi kuiona; na kwamba usiku na alfajiri, upepo unapotulia, hurundikana, hadi jua na upepo viitawanye. Watoto walisoma kimya wakiwa na penseli mkononi, wakipigia mstari kila neno linalofunga sababu na matokeo: kwa sababu, kwa hiyo, ndiyo maana. Baada ya hapo mwalimu alileta beseni refu, akatia bikaboneti, akamimina siki, akaacha povu litulie, kisha akashusha polepole kipande cha mshumaa kilichofungwa kwenye waya. Moto ulizimika kabla mshumaa haujagusa chini. Aliupandisha, akauwasha, akaushusha tena, ukazimika katika kimo kile kile.

Hapo mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mbuzi hufa na mtu anayemchunga hafi?" Mwalimu alimjibu kwamba jibu limo katika aya ya pili, ila halikuandikwa, na kwamba ni kazi yao kulitoa humo. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ninamshukuru kwa kuvumilia kimya kile. Mwishowe binti yangu ndiye aliyesema kwamba aya inasema gesi hukaa chini, beseni limeonyesha kwamba ina kimo, na kichwa cha mbuzi kiko chini ya kimo hicho hali cha mtu kiko juu. Msichana mwingine, mdogo kuliko yeye, akaendeleza mwenyewe: "Basi mtu akiinama kumwokoa mbuzi, naye atakufa." Hakuna sentensi katika karatasi ile iliyosema hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na mtoto alifika hapo kwa kusoma. Mimi ni muuguzi, nami najua jinsi onyo hilo linavyochelewa kuwafikia watu.

Nimeeleza somo moja kwa kirefu kwa sababu ndilo kipimo changu cha masomo haya yote. Mwalimu huanza na kile ambacho watoto tayari wanakijua au wanadhani wanakijua, huwapa maandishi yenye uzito halisi wa mambo, na huwalazimisha kurudi katika maandishi hayo wakati wowote wanapotaka kubahatisha. Matini nyingine nilizoziona zina uzito huohuo. Ipo moja juu ya gesi zilizomo katika kina cha Ziwa Kivu, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, ambayo watoto waliilinganisha na habari ya Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa gesi usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kulinganisha huko kulifanywa kwa safu mbili, mambo yanayofanana upande mmoja na yanayotofautiana upande wa pili, na ilipendeza kuona watoto wanagundua kwamba kutofautiana nako kunahitaji ushahidi.

Katika kazi za vikundi mwalimu hutumia utaratibu wa majukumu manne: mmoja hukisia kitakachofuata, mwingine huuliza maswali, wa tatu hufafanua maneno na sentensi ngumu, wa nne hufupisha. Baada ya kila aya wanabadilishana. Katika mkutano wa wazazi alituambia kwamba utaratibu huo ulielezwa mwaka 1984 na watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, na kwamba mwanzoni mwalimu hushika majukumu yote mbele ya watoto, kisha huyaachia moja baada ya jingine kadiri wanavyoweza. Kwa macho yangu jukumu la kufupisha ndilo lililomjenga binti yangu zaidi. Kanuni ni sentensi mbili, bila kunakili, karatasi ikiwa imefunikwa. Majuma ya kwanza alilia kwa hasira, kwa sababu shuleni amezoea kwamba kufupisha ni kuchagua sentensi ndefu na kuiandika tena kwa mwandiko mzuri.

Upande wa kuandika ndio ulionishangaza zaidi. Mwezi wa tatu watoto walipewa kazi hii: mweleze mgeni ambaye hajawahi kuteka maji ziwani namna maji ya bidoni, yaani dumu, ya lita 20 yanavyotiwa klorini. Ni jambo ambalo binti yangu hulifanya karibu kila siku, kwa hiyo niliamini ataliandika kwa urahisi. Aliandika hivi: "Maji ni uhai. Maji ni muhimu sana katika maisha ya binadamu. Bila maji hatuwezi kuishi. Kuna maji ya mvua, maji ya ziwa na maji ya bomba. Watu wengi wa Goma hutumia maji ya ziwa. Ni lazima kutia dawa ili tusiugue kipindupindu." Mzazi yeyote aliyesoma katika shule zetu ataitambua insha hiyo, kwa kuwa sote tulifundishwa kuianza hivyo, na sote tulipata alama kwayo. Mwalimu hakusahihisha hata neno moja. Chini yake aliandika: "Bidoni yangu iko hapa mbele yangu. Nifanye nini kwanza?"

Jioni ile binti yangu alikuja jikoni na kaye yake, yaani daftari, akaniuliza, "Mama, kwa nini wanasema dakika 30?" Nilimweleza kwamba dawa inahitaji muda wa kuua vijidudu, na kwamba maji yenye tope huila klorini kabla haijafanya kazi. Akaandika, akafuta, akaenda kuteka maji huku akiangalia kila hatua kama mtu aliyetumwa kupeleleza. Nakala ya nne, ambayo ninayo hadi leo, inasema: "Kwanza tazama maji. Yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hula klorini na vijidudu hubaki. Mtu wa kituo cha klorini atavuta dawa kwa sindano na kuitia katika bidoni yako. Usiongeze nyingine nyumbani. Funga bidoni, itikise, usubiri dakika 30. Ukinywa kabla ya hapo, dawa haijamaliza kazi yake." Sentensi ya kukataza kuongeza dawa nyumbani hakuipata kwangu wala kwa mwalimu. Aliwahi kumwona jirani akifanya hivyo, akafikiri kwamba msomaji wake naye anaweza kufanya hivyo.

Tofauti ya maandishi hayo mawili ndiyo ninayoilipia. Katika la kwanza mtoto anamwonyesha mwalimu kwamba anajua kuandika, ilhali katika la pili kuna mtu upande wa pili wa karatasi, mwenye bidoni na mwenye haraka, na kila sentensi imepangwa mahali ambapo mtu huyo ataihitaji. Sababu imeambatana na agizo, kipimo kimetajwa kwa tarakimu, na jambo la hatari halikuachwa mwisho. Haya yote mwalimu huyafundisha kwa majina yake, yaani msomaji, mpangilio, sababu na kipimo, na watoto huyatumia majina hayo wanaposomeana kazi zao wawili wawili kabla ya kuzikabidhi.

Jambo la lugha lilinitia wasiwasi mwanzoni, na najua linawatia wasiwasi wazazi wengi. Matini hutolewa kwa Kifaransa upande mmoja wa karatasi na kwa Kiswahili upande wa pili. Mjadala hufanywa kwa Kiswahili. Rasimu ya kwanza huandikwa kwa Kiswahili, na nakala ya mwisho ya kila kazi ya pili huandikwa kwa Kifaransa. Baba mmoja alisimama mkutanoni akauliza kwa nini alipie Kiswahili ambacho mtoto anakizungumza bure nyumbani, hali insha ya EXETAT, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itaandikwa kwa Kifaransa. Swali lake ni la haki. Lakini nimeona kwa binti yangu kwamba wazo likishanyooka katika lugha anayofikiria, kulipeleka katika Kifaransa kunabaki kuwa kazi ya maneno na sarufi, ambayo shule inaifundisha vya kutosha, na kwamba zamani alikuwa akijaribu kutafuta wazo na kutafuta neno kwa wakati mmoja na kupoteza yote mawili. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, nami naona ni heshima kwa mtoto kukuta kwamba lugha hiyo inaweza kubeba habari ya gesi na ya volkano. Tena mwalimu hawadhihaki wanaosema "batoto" na "minaona" kama tunavyosema sote hapa mjini; huacha wazungumze hivyo, na huwaonyesha kwamba maandishi yatakayosomwa hadi Mombasa au Dodoma yanavaa nguo nyingine.

Sasa niyataje yale yasiyoniridhisha. Kubwa kuliko yote ni kuchelewa kwa marejesho. Siku niliyohesabu kulikuwa na watoto 34 chumbani na mwalimu mmoja tu, na kazi ya mwezi wa pili ilirudi baada ya majuma matatu ikiwa na neno "Vizuri" na alama 7 kwa 10, pasipo maelezo mengine. Mtoto alikuwa amekwisha kusahau alichokiandika. Nilimweleza mwalimu kwa upole, naye akakiri, na tangu hapo amepunguza kazi za mwezi kutoka nne hadi mbili ili azisome vema. Hata hivyo watoto wanaokaa nyuma bado hupata mstari mmoja hali wa mbele wanapata mitatu. Nimependekeza aongeze mwalimu wa pili hata kama malipo yatapanda hadi dola 7. Wazazi wengine wamekataa, na siwezi kuwalaumu.

La pili ni fotokopi. Picha na ramani hutoka nyeusi, na katika matini ya volkano ramani ilikuwa haisomeki hata kidogo, kwa hiyo watoto waliiruka. Hilo linaniumiza, kwa sababu nusu ya maandishi ya kweli tunayokutana nayo yako katika ramani na majedwali. Mtu anayesoma jedwali la dozi kwa mstari usio wake anaweza kumdhuru mtoto, na rangi za tahadhari ya volkano, kuanzia kijani, manjano, chungwa hadi nyekundu, hazina maana kwa asiyejua kusoma ufunguo wake. Kwa miezi saba sijaona hata somo moja lililotengwa kwa ajili ya majedwali. Nimeshamwambia mwalimu kwamba niko tayari kuleta majedwali yaliyopitwa na wakati kutoka kituoni yatumike darasani.

Mvua nayo ni tatizo lisilo na mkosaji: ikinyesha juu ya mabati hakuna anayesikia kitu, na mjadala, ambao ndio roho ya somo, husimama. Siku hizo watoto husoma kimya na kuandika maswali kwenye vipande vya karatasi ambavyo hupitishwa kutoka benchi hadi benchi. Binti yangu anasema anazipenda siku za mvua kuliko nyingine.

Kabla ya haya niliwahi kumlipa kwa miezi miwili mtu aliyekuja nyumbani kumfundisha, kwa dola 10 kwa mwezi. Alikuwa na bidii na hakukosa hata siku moja, ila alimkaririsha majibu ya mitihani iliyopita, na mtoto aliweza kujibu maswali juu ya matini bila kuisoma. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anakabiliwa na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi baada ya miezi miwili, huenda njia hiyo ndiyo itakayomfaa, na masomo ya Jumamosi yatamchosha bila kumpa alama za haraka. Alama za shule za binti yangu hazikubadilika katika muhula wa kwanza. Zilianza kupanda katika muhula wa pili, na si katika Kifaransa, bali katika sayansi na jiografia, ambako ghafla alianza kuelewa swali linamtaka nini. Vivyo hivyo, mtoto ambaye bado anahangaika kuunganisha herufi asipelekwe hapa kwanza. Watoto wawili wa namna hiyo waliokuwa katika kundi la binti yangu waliachwa nyuma, wakaacha kuja baada ya mwezi mmoja, na naamini walistahili kuelekezwa pengine tangu siku ya kwanza badala ya kupokelewa na kulipishwa.

Watoto wapya hupokelewa mwanzoni mwa kila muhula tu. Mwalimu huwapa ukurasa mmoja wa kusoma na kuwauliza maswali matatu ana kwa ana, mzazi akiwa nje, na kazi hiyo huchukua kama robo saa kwa kila mtoto, kwa hiyo anayefika baada ya saa tatu hungoja hadi adhuhuri. Kaye ya kurasa 100 inatosha kwa muhula mzima, na penseli ni lazima, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi katika rasimu. Nakala ya nne ya binti yangu nimeibandika ukutani kituoni, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, na Jumatatu iliyopita bibi mmoja aliyeleta mjukuu wake aliomba asomewe, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie pale panaposema juu ya tope.